Mahali katika Hadithi na Mchezo: Kusadikika na Kinjeketile

Neno "mandhari", ambalo wahakiki wamelizoea kwa kutaja mahali na wakati wa hadithi, asili yake ni Kiarabu, nalo lahusu mambo ya kutazamwa. Hapo ndipo penye upungufu wake. Humfanya msomaji adhani kwamba mahali ni picha iliyotundikwa nyuma ya wahusika, iwezayo kuondolewa na nyingine kutundikwa pasipo dhara. Wanafunzi hulijibu swali la mandhari kwa kutaja mji au kijiji, kisha wakapita. Katika makala haya nakusudia kuonyesha, kwa vitabu viwili, kwamba mahali huamua ni jambo gani liwezalo kutukia.

Kitabu cha kwanza ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951. Nchi yake iko angani. Wengi wameridhika kusema kwamba anga hilo ni kifuniko tu: mwandishi aliishi Tanganyika chini ya utawala wa Waingereza, akaificha shutuma yake mbali na macho ya wakubwa. Maelezo hayo yana kweli ndani yake, lakini hayatoshi. Kwa kujificha, kisiwa cha mbali kingalifaa vilevile. Lakini nchi iliyo juu ya ardhi ina majirani wa pande nne. Nchi iliyo angani ina majirani sita, kwani mbingu i juu yake na ardhi i chini yake. Kwa hesabu hiyo wajumbe sita wanapata safari zao, na kwa safari hizo Karama anapata hoja za kujitetea barazani juu ya mashtaka ya Majivuno. Mipaka ya nchi ndiyo mifupa ya kisa. Tena ardhi yetu, tunayoikanyaga kila siku, imekuwa nchi ya ugenini, ya kuendewa kwa ujumbe.

Yafaa kutazama pia kile ambacho mwandishi hakukigeuza. Anga ni la ajabu, lakini baraza lake ni baraza tulijualo: yuko mshtaki, yuko mshtakiwa, iko husuda, liko gereza ambalo wajumbe walipewa badala ya shukrani. Shaaban Robert alibadili jambo moja kubwa, mengine akayaacha yalivyo. Katika Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, maajabu hufuatana mpaka mahali panaruhusu kila kitu; kwa maoni yangu, ndiyo sababu mahali pale hapana uzito kama wa Kusadikika.

Na jina lenyewe? Ni kitenzi chenye kiambishi -ika, yaani jambo liwezalo kusadikiwa. Lakini ku- ya kitenzi na ku- ya mahali hukutana katika upatanisho: twasema "kusoma kwake" na "nyumbani kwake". Sikio la Mswahili laweza kulisikia jina hilo kama tendo na kama mahali kwa pamoja. Sijui lugha nyingi ambazo zingalimpa mtunzi bahati hiyo.

Katika mchezo wa kuigiza shida ni nyingine, kwa sababu jukwaa ni dogo na mto hauwezi kuletwa juu yake. Katika Kinjeketile, mchezo wa Ebrahim Hussein uliotolewa mwaka 1969 juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, maji yapo kwa sababu watu wanayatazamia. Kabla ya maji, mtunzi ametuonyesha nyumba. Wanawake wawili wanazungumza juu ya uhaba wa chakula, na waume wako katika shamba la pamba wakitumikishwa. Kwa mazungumzo hayo Umatumbi yote imekwisha kujengwa bila pazia lililochorwa.

Hussein alieleza katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu kuliko mtu wa historia. Aliweza kujipa uhuru huo kwa sababu njaa na pamba hakuvibuni: kilimo cha pamba cha kulazimishwa chini ya Wadachi kilikuwa miongoni mwa sababu za vita vile. Mwongozaji anayeufupisha mchezo kwa kukata mazungumzo ya wale wanawake huwaachia watazamaji mganga na maji yake, nao hawatajua kwa nini watu waliyahitaji.