Gari Jipya Nyumbani: Mambo Matatu Kabla ya Kutoa Fedha



Gari katika nyumba za Tezo si pambo. Ndilo limchukualo mja mzito aliyeshikwa na uchungu usiku hadi hospitali ya Kilifi, na ndilo lipelekalo madafu na maembe sokoni Mombasa. Kwa ajili yake mume hutoa akiba ya biashara, na mke huuza dhahabu yake au huchukua fedha zake za chama, kisha wakaelekea yadi. Leo tunawakumbusha mambo matatu, na la tatu ni la akina mama khasa.

La kwanza ni hali ya gari. Magari mengi ya mtumba yaliyomo yadini yametoka Japani na kushukia bandari ya Mombasa. Kenya hairuhusu kuingizwa gari la mtumba lililopita umri wa miaka 8. Hata hivyo, gari lililoingia kihalali laweza kuwa limekwisha kutumika hapa nchini kabla ya kurejea yadini, basi ulizeni. Msitosheke na rangi inayong'ara wala namba za kilomita, kwani namba hizo hurudishwa nyuma. Kanyagio na usukani vilivyochakaa havilingani na kilomita chache. Nendeni na fundi wenu wenyewe, asiyelipwa na muuzaji. Aiwashe injini ikiwa baridi, atazame kutu chini ya gari, kisha aliendeshe.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta unyevu uliofichwa ndani, akamkemea muuzaji kwa kuwa hakuudhihirisha. Mafakihi nao wamempa mnunuzi hiari ya kurudisha bidhaa akigundua aibu ya zamani aliyofichwa. Lakini haki hiyo ni vigumu kuidai ikiwa hamkuandikiana. Mali bila daftari hupotea bila habari.

La pili ni njia ya kulipa. Bei ya awamu kuzidi bei ya taslimu si riba kwa rai ya wanavyuoni walio wengi, madamu bei moja imekatwa kabla ya kuagana na haiongezeki. Riba huingia pale fedha zinapokopeshwa kwa ziada, au deni linapokua kwa sababu ya kuchelewa. Kenya ina benki zinazofuata sharia, kama Gulf African Bank iliyofungua milango yake 2008. Katika murabaha, benki hulinunua gari kwanza na kulimiliki, ndipo ikamuuzia mteja kwa faida inayojulikana. Usomeni mkataba mpaka mwisho, na muulize mtafanywa nini mkichelewa kulipa.

La tatu ni jina. Kabla ya kulipa, tafuteni rekodi ya gari kwa NTSA kwa kutumia namba yake ya usajili, mjue mmiliki ni nani. Muuzaji asiyetaka rekodi itazamwe, mwacheni na gari lake. Mkishanunua, msichelewe kubadilisha umiliki.

Sasa ile dhahabu ya mke. Sharia imemwachia mke mali yake, wala kunyamaza kwake hakuigeuzi kuwa zawadi. Lakini gari likiandikwa jina la mume peke yake, kisha mume akafariki, warithi watalihesabu lote kuwa tirka. Mjane atapewa thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, au robo ikiwa hakuacha. Nyingine itagawiwa wenzake, na ndani yake imo dhahabu yake mwenyewe. Lau pangekuwapo maandishi, haki yake ingetolewa kwanza, kabla ya mirathi kugawanywa.

Basi siku ya kununua, mke na mume na waulizane waziwazi: fedha hizi ni hiba, ni deni, au ni ushirika? Jibu liandikwe na lishuhudiwe. Mwenyezi Mungu ameamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi katika Suratul Baqara, aya ya 282. Kuandika si kutoaminiana. Ni kumhifadhi mwenzako na ugomvi siku ambayo wewe hupo tena kumtetea.

Wabillahi tawfiq.