Sura ya Tano: Jicho Si Kipimo

Ukisimama na chupa ya sampuli kando ya mto Mulongwe, katikati ya Uvira, hukosi mtu wa kukufundisha kazi. Mmoja atakuambia maji ya kiangazi hayana neno, kwani mawe ya chini yanaonekana. Mwingine atasema maji yanayotembea hujisafisha yenyewe. Kisha mzee atanyoosha mkono kuelekea Ziwa Tanganyika na kuuliza: ziwa lile lote litachafuliwa na kijito hiki? Sura hii nimeiandika kwa ajili yao. Nitakwenda kwa utaratibu: tope kwanza, kinyesi pili, kemia mwisho.

Tope ndilo jepesi kueleza. Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa, na mito yake, Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge, inashuka kwenye miteremko mikali. Mvua ikinyesha juu, mto hugeuka rangi ya udongo hata kama bondeni halijaanguka tone. Tarehe 16 na 17 Aprili 2020 Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu, ukabomoa maelfu ya nyumba na kuharibu mitambo ya maji ya mji.

Kifaa cha kupimia tope hufanya kazi kwa mwanga. Unajaza kichupa cha kioo, unafuta alama za vidole, unakiweka ndani ya kifaa. Mwali unapita katikati, na kihisi kilichowekwa pembeni, kwa pembe ya nyuzi 90, kinapima mwanga uliotawanywa na chembe. Matokeo husomwa kwa NTU, kizio cha kupimia tope. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka maji yawe chini ya NTU 5 kabla ya kutiwa klorini, na ikiwezekana chini ya 1. Tope lenyewe si lazima liwe sumu. Ubaya wake ni kwamba vijidudu hujificha ndani ya chembe zake, na klorini huishia kwenye udongo kabla haijawafikia.

Hadi hapo jicho limesema kweli: maji ya kahawia yana matatizo. Kosa ni kuigeuza kauli hiyo na kudai kwamba yasiyo ya kahawia hayana. WHO inasema bakteria aina ya E. koli asipatikane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Lakini ili bakteria peke yao wayatie maji ukungu unaoonekana, wanapaswa kufikia takriban milioni 10 katika kila mililita. Piga hesabu. Kati ya kiwango kinachokatazwa na kile ambacho jicho linaanza kukitilia shaka, glasi ndogo ya mililita 100 inaweza kubeba bakteria bilioni moja, na mawe ya chini bado utayaona vizuri.

Kiangazi kina mtego wake. Mvua husomba choo na jalala na kuvitia mtoni, hilo linajulikana. Lakini mvua zikikatika, mto unapungua huku mtaa ukiendelea kumwaga uchafu uleule wa kila siku. Uchafu uleule katika maji machache ni uchafu mzito zaidi, hata kama yanameta. Na kuhusu maji yanayotembea, ni kweli mto hujisafisha: jua, muda na viumbe wadogo hupunguza vijidudu. Kinachotakiwa ni masafa, na masafa bila uchafu mpya. Kutoka mguuni mwa mlima hadi ziwani ni kilomita chache tu, zote zikipita katikati ya nyumba za watu. Mto haujamaliza kujitakasa na uchafu wa mtaa wa kwanza, wa pili umeshaongeza wake.

Sasa kinyesi. Chupa iwe imechemshwa kwa mvuke wa shinikizo. Usiisuuze. Ishike kitakoni, uizamishe kinywa chini, kisha uielekeze upande mto unakotoka, mkono wako ukae nyuma ya maji unayoyachota. Acha nafasi ya hewa, funga, weka kwenye sanduku la barafu, ifike maabara ndani ya saa sita ikiwezekana. Ikiwa unachota kwenye robine yenye klorini, chupa iwe na thiosalfati ya sodiamu kidogo. Bila hiyo, klorini itaendelea kuua ndani ya chupa njiani kote, nawe utatangaza usafi uliozaliwa garini.

Maabara huchuja mililita 100 kwenye karatasi nyembamba yenye matundu ya mikromita 0.45, madogo kiasi kwamba bakteria hubaki juu. Karatasi hiyo huwekwa kwenye sahani yenye chakula chao, ikalala usiku kucha kwenye joto la nyuzi 44. Joto hilo limechaguliwa kwa makusudi: vijidudu wa utumbo hulivumilia, wengi wa udongoni na majini hushindwa. Asubuhi unahesabu vidoa vya njano. Kila kidoa kilianza na kijidudu kimoja au fungu lake dogo.

E. koli anayehesabiwa hivyo, mara nyingi, si mkosaji wa ugonjwa wenyewe. Ni shahidi kwamba kinyesi kimepita hapo. Mkosaji wa kipindupindu ni Vibrio kolera, na wala si karuho, sumu ya siri ambayo katika Kivu Kusini husingiziwa vifo vingi. Kutafuta jirani wa kulaumiwa mtu akiwa anaharisha maji meupe ni kupoteza saa ambazo chumvi na sukari vya kurudishia maji mwilini vingemwokoa.

Wasomi nao wasicheke, kwani wana karuho yao: “maji ya alkali”, yanayouzwa mijini kwa bei ya juu kama dawa ya kila kitu. Ziwa Tanganyika lina pH inayokaribia 9. Ni maji ya alkali ya bure, yasiyo na lebo. Na maabara inapotaka kumstawisha Vibrio kolera kutoka kwenye sampuli, humweka katika maji ya peptoni yenye pH ya karibu 8.6, kwa sababu hapo yeye hustawi kuliko washindani wake.

pH hiyohiyo inaidhoofisha klorini. Ikiingia majini, klorini hugawanyika sehemu mbili: asidi ya haipoklorasi, ambayo ni muuaji hodari, na ioni ya haipokloraiti, ambayo ni nzito wa kazi. Kwenye pH 7 zaidi ya robo tatu ya klorini iko katika umbo la muuaji. Kwenye pH 9 ni karibu asilimia 3. Zile dakika 30 za kusubiri baada ya kutia klorini zimehesabiwa kwa maji yenye pH chini ya 8. Bidoni iliyojazwa ufukweni inahitaji muda zaidi. Mzee wetu wa ukubwa wa ziwa ajue pia kwamba watu hawachoti kwenye kina cha mita 1,470. Huchota kwenye maji ya magotini, karibu na mlango wa mto.

Nilikusudia kuendelea na kemia hapa, lakini kuna daftari mbili ambazo siwezi kuziruka. Ya kwanza ni ya mtambo wa shirika la maji, Regideso, unaochukua maji ya Mulongwe: inaonyesha maji yaliyosukumwa mjini kila siku. Ya pili ni ya kituo cha matibabu ya kipindupindu: nani alilazwa, lini. Watafiti wakiongozwa na Aurélie Jeandron walizilinganisha kwa miaka ya 2009 hadi 2014 na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Robine ikikauka siku moja, walioshukiwa kuwa na kipindupindu katika siku 12 zilizofuata waliongezeka kwa wastani wa asilimia 155, ukilinganisha na siku ya uzalishaji mzuri. Karibu asilimia 23 ya waliolazwa walihusishwa na upungufu huo wa maji. Na walioumia zaidi walitoka mitaa iliyozoea kutumia maji mengi ya robine. Mwenye karuho gani huyo anayefuata ratiba ya pampu?

Zingatia kwamba utafiti huo haukuhitaji hata sampuli moja mpya. Makarani waliandika namba, siku baada ya siku, bila kujua zingetumika wapi. Hiyo ndiyo maana ya ufuatiliaji. Sampuli moja iliyochotwa siku mgeni alipotembelea mji, hata kwa kifaa cha maelfu ya dola, haina nyingine ya kulinganishwa nayo.

Kemia imebanwa, basi nitaje vipimo viwili. Oksijeni iliyoyeyuka ikishuka sana, ujue bakteria wanaila wakati wa kuozesha uchafu. Upitishaji umeme huonyesha wingi wa chumvi: maji machafu ya majumbani huupandisha. Lakini mlangoni mwa mto kuwa mwangalifu. Maji ya ziwa husoma karibu mikrosimensi 650 kwa sentimita, kwa sababu mengi hutoka kama mvuke na kuacha chumvi nyuma, machache tu yakitoka kwa mto Lukuga. Mawimbi yakirudi ndani ya mto, utapima ziwa na kuulaumu mtaa.

Kwa hiyo chagua vituo vitatu: juu ya mahali pa kuchukulia maji ya mji, darajani, na karibu na mlango wa mto pasipofikiwa na mawimbi. Pima siku ileile ya juma, saa ileile, uandike kama mvua ilinyesha tangu jana. Na kama pesa zako zinatosha kifaa kimoja tu, achana na vya pH vinavyong'aa. Nunua kile cha vidonge vya DPD cha kupimia klorini iliyobaki kwenye robine na bidoni. Maji yenye klorini hugeuka waridi, na rangi husomwa kwenye kadi: chini ya miligramu 0.2 kwa lita, mpigie simu fundi wa mtambo siku hiyohiyo.