Utulivu wa Mgeni na Umiliki wa Pamoja: Mfano wa Vijiji vya Amana, Iowa

Ikisiri

Vijiji saba vya Amana katika jimbo la Iowa, Marekani, vilianzishwa na wahamiaji wa Kijerumani kuanzia mwaka 1855, na leo hupokea wageni wanaotafuta mapumziko. Makala haya yanaeleza chanzo cha utulivu unaowavuta wageni hao. Hoja kuu ni kwamba utulivu huo hautokani na ukale wa majengo peke yake, bali na uamuzi wa mwaka 1932 wa kuiacha ardhi chini ya mmiliki mmoja. Makala yanaonyesha pia kwamba lugha ya wenyeji haikupata kinga ya namna hiyo.

1.0 Utangulizi

Mgeni anayekwenda Amana kwa siku mbili tatu haendi kutafuta mambo makubwa. Hulala katika nyumba ya matofali au ya mawe ambayo zamani ilikaliwa na familia kadhaa. Asubuhi hutembea kwa miguu katika njia iitwayo Kolonieweg, inayopita kando ya Lily Lake, ziwa dogo ambalo mayungiyungi yake huchanua wakati wa kiangazi. Hutazama mablanketi yakifumwa katika kiwanda cha sufu ambacho kingali kikifanya kazi. Jioni huketi kula soseji, viazi na kabichi iliyochachushwa, vyakula vikiletwa katika mabakuli ili walaji wapakuliane. Akitoka kijiji kimoja kwenda kingine hupita mashamba na misitu, wala si mitaa ya nyumba mpya.

Mandhari hayo huelezwa mara nyingi kana kwamba wakati umesimama. Maelezo hayo yanaficha kazi iliyofanyika. Kwa mtafiti wa utalii wa urithi, swali la msingi ni nani aliyeulinda utulivu huo, na kwa njia gani.

2.0 Chimbuko la vijiji

Waanzilishi wa Amana walitoka katika Jumuiya ya Uvuvio wa Kweli, kundi la kidini lililoanza mwaka 1714 katika eneo la Hesse, Ujerumani, chini ya Eberhard Ludwig Gruber na Johann Friedrich Rock. Katika miaka ya 1840, Christian Metz aliwaongoza waumini kuhamia karibu na Buffalo, New York, na kuanzia mwaka 1855 wakahamia Iowa. Wageni huwachanganya mara kwa mara na Waamishi, ilhali ni jumuiya mbili tofauti. Watu wa Amana hawakukataa mashine, na kiwanda maarufu cha majokofu chenye jina la Amana kilianzia humo mwaka 1934.

Jina Amana limetolewa katika Biblia, Wimbo Ulio Bora 4:8. Kwa msomaji wa Kiswahili jina hili si geni kabisa: mzizi wake wa Kiebrania una undugu na mzizi wa Kiarabu uliotupatia maneno amana, amini na imani. Mali yote ilikuwa ya jumuiya. Watu hawakulipwa mshahara. Walipewa makazi, chakula, matibabu na elimu. Ujamaa huo haukuwa sera ya serikali, bali tendo la imani, na ulidumu Iowa kwa zaidi ya miaka sabini.

3.0 Uamuzi wa mwaka 1932

Mwaka 1923 moto uliteketeza kinu cha unga na kuharibu sehemu kubwa ya kiwanda cha sufu. Vijana wengi walikuwa wameanza kuchoshwa na maisha ya pamoja, na mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ukazidisha madeni. Mwaka 1932 wanachama walikubali kuvunja ushirika wa mali, hatua ambayo wenyeji huiita Badiliko Kuu. Kanisa lilitenganishwa na uchumi, na uchumi ukakabidhiwa kampuni ya hisa. Kila mwanachama mtu mzima alipata hisa moja yenye haki ya kura, pamoja na hisa nyingine kulingana na miaka aliyoitumikia jumuiya. Nyumba ziliuzwa kwa wanachama.

Hata hivyo, mashamba, misitu na viwanda havikugawanywa. Takribani hekta 10,500 zilibaki mikononi mwa kampuni moja. Hapa ndipo ulipo msingi wa utulivu unaomvuta mgeni wa leo. Kama kila familia ingepewa kipande chake, ardhi iliyo kati ya vijiji ingeweza kuuzwa kidogo kidogo hadi mipaka ya vijiji ipotee. Mwaka 1965 vijiji vilitambuliwa kuwa Alama ya Kihistoria ya Kitaifa. Baadaye, katika miaka ya 1980, wakazi waliunda mamlaka ya matumizi ya ardhi yenye bodi ya kuchaguliwa, kwa kuwa hadhi ya kitaifa peke yake haimzuii mwenye nyumba kuibadilisha.

4.0 Meza ya jana na meza ya leo

Kisichoonekana kwa urahisi katika mapumziko haya ni kazi. Kabla ya mwaka 1932 chakula kilipikwa katika majiko ya jumuiya, zaidi ya hamsini katika vijiji vyote, na kila jiko lililisha watu wapatao thelathini au zaidi. Wasichana waliingia jikoni walipomaliza shule, wakiwa na umri wa miaka kumi na minne hivi. Wanaume na wanawake walikula katika meza tofauti, kwa haraka na bila mazungumzo. Mlo mrefu wenye kicheko anaouzwa mgeni wa leo, ijapokuwa mapishi yake ni ya urithi, si desturi ya jiko lile. Jiko moja lililohifadhiwa Middle Amana kama makumbusho humwezesha mgeni kuiona tofauti hiyo.

5.0 Lugha iliyokosa mlinzi

Wenyeji walizungumza Kolonie-Deutsch, lahaja iliyozaliwa kwa mchanganyiko wa lahaja za Kijerumani za wahamiaji na maneno ya Kiingereza. Ardhi ilipata kampuni na majengo yakapata bodi, lakini lugha haikukabidhiwa kwa yeyote. Majiko yalipofungwa, lahaja hiyo ilipoteza mahali ambapo wazee na vijana walikutana kila siku. Na ibada za Kiingereza zilipoanza katika miaka ya 1960, ikapoteza sehemu ya nafasi yake kanisani. Leo wazungumzaji wake ni wachache na wengi wao ni wazee. Mgeni hukutana na Kijerumani zaidi katika mabango ya maduka na orodha za vyakula kuliko katika mazungumzo ya watu.

6.0 Hitimisho

Mfano wa Amana hauwezi kunakiliwa popote. Ardhi yake ilibaki nzima kwa sababu ilikuwa ya pamoja tangu mwanzo. Hali ni tofauti katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako nyumba ni za serikali, za wakfu na za watu binafsi. Linaloweza kuigwa ni mpangilio wa hatua: Amana ilitatua suala la umiliki miongo kadhaa kabla utalii haujawa chanzo kikubwa cha mapato. Mshauri wa sera anayeanza na matangazo na hoteli, akitumaini kwamba sheria za ardhi zitafuata, anaanza mahali ambapo wenyeji hawana tena nguvu ya kukataa.

Aidha, mpango wa urithi unapaswa kutaja lugha pamoja na majengo, na kuitengea mahali pa kutumiwa kila siku: darasani, katika ibada, na katika kazi za wale wanaowaongoza wageni. Majengo ya Amana yaliendelea kusimama kwa sababu mwaka 1932 palikuwa na watu waliokabidhiwa kuyaangalia. Kwa upande wa lahaja yao, kazi hiyo haikukabidhiwa kwa mtu.