Bando la ugenini: eSIM inavyombeba shabiki msafiri

SHABIKI aliyeifuata Taifa Stars kule Morocco kwenye Afcon 2025 alijua kabisa kwamba bila simu hakuna mechi. Tiketi ilikuwa humo. Kitambulisho cha shabiki, kilichoombwa kupitia programu ya Yalla, nacho kilikuwa humo.

Stars ilianzia Fez dhidi ya Nigeria, Desemba 23, kisha ikahamia Rabat kuzivaa Uganda na Tunisia, na huko huko ikakutana na wenyeji kwenye hatua ya 16 bora. Sasa fikiria umeshuka kwenye treni ukitokea Fez, hoteli huijui, uwanja huujui, na simu haina bando.

Hapo ndipo eSIM inapoingia. Kwa lugha nyepesi ni laini isiyo na kadi. Unanunua bando la nchi unayokwenda mtandaoni, unatumiwa msimbo wa QR, unauskani na laini inaingia ndani ya simu yenyewe. Hakuna foleni uwanja wa ndege wala kuhangaika na Kifaransa dirishani.

Lakini utamu wenyewe upo kwenye laini ya nyumbani, kwa sababu inabaki palepale. Wengi huumia hapa: mtu anachomoa kadi ya Bongo, anachomeka ya ugenini, halafu anataka kulipia hoteli kwa kadi ya benki. Benki inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini iliyofungwa kwenye karatasi mfukoni, kama haijadondoka. Kwa eSIM, data inatoka laini ya ugenini, ujumbe unaingia laini ya nyumbani, na WhatsApp ni namba ile ile.

Kuna mtego, hata hivyo. Zima data ya rominga kwenye laini ya nyumbani kabla hujapanda ndege. Ukiisahau imewashwa, inaweza kumaliza salio lote kabla hujatoka uwanja wa ndege. Pia uliza mtandao wako kama laini hiyo inapokea ujumbe ukiwa nje.

Halafu kuna suala la simu yenyewe. iPhone zilianza na eSIM kwenye XS na XR za 2018, ila simu nyingi za bei nafuu hazina. Piga *#06#, ukiona namba ya EID upo salama. Wale wa simu zilizotumika Marekani, zile zinazojaa Kariakoo, wakague zaidi: baadhi zimefungwa kwa mtandao mmoja wa kule, na hizo hazipokei laini nyingine mpaka zifunguliwe.

Isakinishe ukiwa bado nyumbani kwenye Wi-Fi, maana kupakua laini kunahitaji intaneti. Soma siku zinaanza kuhesabiwa lini. Baadhi ya mabando huanza pale unapoisakinisha, mengine ukishanasa mtandao wa ugenini. Ukishaiweka usiifute, kwani misimbo mingi hutumika mara moja tu.

Na isitarajiwe kufanya miujiza. eSIM inatumia minara ile ile ya wenyeji. Uwanja wa Prince Moulay Abdellah mjini Rabat unaingiza zaidi ya watu 60,000, na wote wakirusha video kwa pamoja, mtandao unakwama kwa kila mtu. Tiketi ifunguliwe mapema, sio getini.

Kwa bei, anayekaa nchi moja wiki mbili au zaidi mara nyingi atapata unafuu kwenye kadi ya kawaida ya wenyeji, akiwa na pasipoti ya kusajilia. eSIM inanoga kwa anayehamahama. Kombe la Dunia 2026 limegawanywa kwa Marekani, Canada na Mexico, na yapo mabando ya eSIM yanayobeba nchi zote tatu kwa pamoja. Afcon 2027 nayo ni Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hiyo mgeni anayetua Dar es Salaam na kutaka kufuata timu yake hadi Nairobi au Kampala atakuwa na hesabu hiyo hiyo ya kupiga.