JE, WAJUA? Askari aliyetwaa Oscar mbili kwa uhusika mmoja

Harold Russell hakuwa mwigizaji. Alikuwa askari wa Marekani asiye na viganja. Hata hivyo, filamu moja, *The Best Years of Our Lives* ya mwaka 1946, ilimpa tuzo mbili za Oscar kwa uhusika uleule. Hakuna mwigizaji mwingine aliyewahi kupata hivyo.

● Tuzo ya kwanza ilikuwa ya heshima, kwa kuwatia moyo askari wenzake. Waandaaji walidhani hatashinda nyingine. Usiku huohuo akashinda ya Mwigizaji Bora Msaidizi.

● Russell hakuumia vitani. Baruti ilimlipukia mikononi akiwa mazoezini nchini Marekani, tarehe 6 Juni 1944. Siku hiyohiyo, katika Vita vya Pili vya Dunia, majeshi ya Washirika yalikuwa yakitua Normandy, Ufaransa.

● Kulabu za chuma zinazoonekana kwenye filamu ni zake mwenyewe. Katika onyesho moja, Homer, baharia anayemwigiza, anamwonyesha mchumba wake jinsi anavyozivua kabla ya kulala. Bila hizo hawezi hata kufungua mlango. Anadhani binti atakimbia. Binti anamfunga vifungo vya nguo ya kulalia, kisha anamwambia anampenda.

● Mwongozaji wa filamu hiyo, William Wyler, naye alirudi kutoka vitani na jeraha. Akirekodi filamu ndani ya ndege za kivita, alipoteza uwezo wa kusikia kwa sikio moja.

● Mwaka 1992 Russell aliuza Oscar moja kwa dola 60,500. Alihitaji fedha za matibabu ya mkewe.