Nyimbo za Kununa na Afya ya Mtoto

Tarehe 10 Novemba 1969 kipindi cha watoto cha Sesame Street kilianza kuonyeshwa katika televisheni nchini Marekani, na miongoni mwa wakazi wa mtaa wake wa kubuni alikuwamo kikaragosi mmoja mwenye nyusi nzito, aishiye ndani ya pipa la taka. Jina lake ni Oscar. Majirani wakimsalimu hukereka. Wakimtakia siku njema huona ametukanwa. Katika msimu wa kwanza manyoya yake yalikuwa ya rangi ya chungwa, kisha yakageuzwa kuwa ya kijani, lakini tabia yake haikugeuka. Wimbo uliompa umaarufu, "I Love Trash", ulitungwa na Jeff Moss, na maudhui yake ni mepesi: Oscar anaonyesha mali yake, kiatu kilichotoboka, gazeti kuukuu, saa mbovu, kwa majivuno ya tajiri anayehesabu ng'ombe wake zizini.

Watoto wameucheka wimbo huo kwa zaidi ya nusu karne, na kicheko chao kinastahili kutazamwa na watu wa afya. Nyimbo nyingi za watoto humtaka mtoto afurahi, apige makofi, atabasamu. Huu haumtaki lolote. Oscar hajuti, wala hatokei jirani wa kumponya kwa kumkumbatia. Wanamvumilia, wanamtembelea, naye anaendelea kuwa mwenzao wa mtaa. Aliyemchezesha kwa takriban miaka 50, Caroll Spinney, ndiye huyohuyo aliyemchezesha Big Bird, ndege mkubwa wa manjano aliye mpole kupita kiasi. Kwamba mpole na mnunaji wanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja ni jambo ambalo mzazi wa mtoto wa miaka 3 hahitaji kuelezwa.

Mtoto wa umri huo ana matakwa mengi kuliko maneno aliyonayo. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kuzuia ghadhabu na kusubiri zamu, huendelea kukomaa hadi mtu anapofikia umri wa miaka ishirini na kitu. Mwaka 1931 mwanasaikolojia wa Marekani Florence Goodenough alichapisha uchunguzi uliotokana na kumbukumbu ambazo wazazi waliziandika nyumbani kila mtoto alipokasirika. Hasira zilifikia kilele katika mwaka wa pili wa maisha. Zilikuwa nyingi zaidi karibu na saa za kula, na pia mtoto alipokuwa na maradhi madogo kama mafua au kufunga choo. Kwa maneno mengine, sehemu ya kile ambacho wazazi hukiita ukaidi huenda ilikuwa njaa, au tumbo.

Kuitaja hisia nako kuna faida yake. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu wazima picha za nyuso zenye hisia kali huku ubongo wao ukipimwa. Walipochagua neno la kuitaja hisia waliyoiona usoni, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu na hatari, ilipunguza utendaji wake. Hao walikuwa watu wazima, na haifai kuyahamishia matokeo hayo moja kwa moja kwa mtoto anayegaagaa sakafuni. Hata hivyo, walezi wazoefu wameliona jambo linalofanana na hilo siku zote: mtoto aliyepata neno la kusema hutupa vitu kidogo zaidi.

Sesame Street ilipata ndugu wa Kiswahili nchini Tanzania, Kilimani Sesame, kipindi kilichozungumza na watoto hata kuhusu malaria. Lakini mtoto wa Kiswahili hahitaji televisheni ili akutane na mzaha wa kununa. Lugha yenyewe ni tajiri katika jambo hili: kuna kununa, kuna kuvimba, kuna kisirani, na kuna kususa, ambako ni kununa kunakofika hadi kwenye sahani. Anayesusa huambiwa, "Ukisusa wenzio twala." Msemo huo unachekesha, na watu wazima hutaniana nao bila madhara. Kwa mtoto mdogo, hata hivyo, mzaha huo umeshikwa na wale wanaokula. Yeye amebaki na uso wake uliokunjwa na njaa yake, na wenzake wanacheka.

Katika wimbo wa Oscar mzaha umeshikwa na mnunaji mwenyewe. Hapo ndipo zilipo tofauti na faida. Mama anayemwimbia mwanawe kwamba amenuna kama chura amemcheka. Mama anayeketi kando yake, akakunja uso, akaimba kwa sauti nzito kwamba leo yeye pia hapendi uji, hapendi kijiko, hapendi hata mkeka, amemkaribisha. Mara nyingi mtoto humsahihisha: mkeka anaupenda. Mazungumzo yameanza, na hakuna aliyeamriwa kutabasamu. Muuguzi anaweza kufanya hivyohivyo baada ya chanjo, wakati mtoto ana kila sababu ya kununa na kumwambia kwamba haikuuma ni kumdanganya mchana kweupe. Asimlazimishe kuitikia. Mtoto akigeuza uso, wimbo unyamaze.

Uchangamfu huo una mpaka wake, nao unapaswa kujulikana na mzazi na mhudumu pia. Mtoto anayenuna kwa sababu amenyimwa kitu huchungulia kwa pembe ya jicho aone kama ameonekana. Akipewa muda, hurudi kwenye mchezo. Mtoto mgonjwa hachungulii. Analialia bila sababu inayoonekana, haliwaziki kwa kubebwa, na mchezo alioupenda jana haumvuti. Anaweza kuwa na maumivu ya sikio, malaria, au upungufu wa damu. Mtoto mwenye kuharisha anayekosa utulivu na kusumbuka, huku macho yamedidimia au akinywa kwa pupa kama mwenye kiu kali, amepungukiwa maji na anahitaji matibabu siku hiyohiyo. Mtoto mchanga mwenye homa anayelia zaidi anapobebwa afikiriwe kuwa na homa ya uti wa mgongo hadi ithibitike vinginevyo. Na kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5, kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila anachopewa, degedege, au kulegea na kupoteza fahamu ni dalili za hatari. Hapo hakuna wimbo. Kuna safari ya haraka ya kwenda kituo cha afya.

Kuna wodi moja ambamo mnuno na ugonjwa hukutana kila siku: wodi ya watoto wenye utapiamlo mkali. Daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliueleza unyafuzi katika jarida la kitabibu mwaka 1933, na mwaka 1935 akaupa jina alilolitoa kwa wenyeji, kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani mdogo wake anapokuja. Mtoto mwenye unyafuzi huwa na huzuni na kisirani. Akiguswa analia, akiachwa anazubaa. Madaktari hufundishwa kwamba tabasamu la kwanza ni ishara ya kupona. Shirika la Afya Duniani, katika hatua zake 10 za kuwatibu watoto hao, limeiweka hatua ya 9 kuwa ya kumchangamsha mtoto na kumpa upendo, pamoja na mchezo uliopangwa wa dakika 15 hadi 30 kila siku. Ni hatua inayorukwa kwa urahisi pale wauguzi wanapokuwa 2 na vitanda 30.

Mahali hapo wimbo wa furaha huweza kusikika kama kejeli. Wimbo wa kununa humfuata mtoto alipo. Mama, akiwa na kikombe cha maziwa ya tiba mkononi, anaimba polepole mambo ambayo hayampendezi mtu kabisa: kikombe hiki, shuka hili, taa ile. Siku ya kwanza hajibiwi, wala ya pili. Kisha huja asubuhi ambayo, katikati ya orodha, sauti ndogo kutoka kitandani inaongeza: "Na sindano."