Mfuko wa mipira: Kazi kwa fundi baada ya msimu wa sare

MSIMU wa sare za shule ukipita, kazi za cherehani hupungua. Fundi mwenye jicho la biashara anaweza kuziuzia shule na timu za mtaani mfuko wa kubebea mipira, hasa kabla ya mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA.

Mpira namba 5 una mzingo wa sentimeta 68 hadi 70. Kwa mipira sita, turubai jepesi lenye upana wa meta 1.5 na urefu wa meta moja linatosha. Fundi hulikunja upana mara mbili, akashona chini na ubavuni mishono miwili, akiacha sentimeta 10 za juu wazi. Kingo za uwazi huo hupindwa, kisha mdomo hukunjwa sentimeta tano kwa ndani na kushonwa, iwe njia ya kamba ya meta mbili.

Mfuko huwahi kuchanika pale kamba inapotokea. Hapo mshono urudiwe. Vitundu vichache chini husaidia mipira iliyolowa isipate ukungu.

Kabla ya kutaja bei, fundi ajumlishe kitambaa, uzi, kamba na muda wake. Anayesahau muda wake huuza kwa hasara.